Kisamvu Kilicholala

Asubuhi ya juzi nilifunua sufuria ya kisamvu kilicholala, na ile harufu ikanitoa hapa Utange ikanirudisha Mjambere ya utotoni kabla sijashika mwiko. Wa rika langu mnaijua. Si harufu ya mboga inayochemka. Ni ya tui lililotulia usiku kucha, limepoa, limeweka utando wa mafuta juu, na chini yake majani yamelegea kabisa, kama mtu aliyelala bila deni la usingizi. Nilisimama pale jikoni na kifuniko mkononi, sijui kwa muda gani. Mwanangu alinipita mara mbili, mara ya pili akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimekipika kwa ajili ya Zena. Zena ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto, binti wa Bi Nuru aliyekuwa jirani yetu kule Mjambere. Alikuwa amenipigia simu.

"Kadzo, mama hali," akasema. "Uji aonja aweka kando. Samaki hataki. Jana kanambia ataka kisamvu cha Mama Kadzo, kile cha kulala. Mie kisamvu najua kupika, lakini chenu sikijui. Niandikie basi."

Mama Kadzo ni mamangu, na mamangu hayupo tena duniani. Niliyebaki wa kuulizwa ni mimi, na mimi sina hakika na mengi. Shule niliishia darasa la nane, na mama hakuwahi kupima kitu kwa kikombe. Nilichukua daftari nikaandika, "Chuma majani machanga ya muhogo," nikakwama hapo. Nilijua nikiendelea nitafika kwenye jambo nililolifanya zamani, ambalo sikuwahi kumwambia Bi Nuru. Niliona si haki kumlisha mgonjwa kitu nilichomfichia habari zake. Kwa hiyo nikafunga daftari, nikapika mwenyewe, nimpelekee chakula na habari zake pamoja. Haya mengine nayaandika kama nilivyoyakumbuka jikoni pale, na nikikosea mahali, nimekosea kwa kusahau, si kwa kupenda.

Tulihamia Mjambere kutoka upande wa Kaloleni nikiwa na pengo la meno ya mbele. Tulifika na godoro moja, kinu, na mitetea wawili wa kahawia ndani ya tenga. Baba alikuwa amepata vibarua Changamwe, akitoka alfajiri na kurudi amechoka hata kuongea, kwa hiyo sitamtaja sana, na wala simlaumu. Mama alikuwa mjamzito. Kabla hajatundika pazia alikwisha kuchomeka vijiti vya mihogo nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa ua wa makuti alikaa Bi Nuru, na kwa miezi mingi huyo ndiye mwanamke pekee mama aliyemjua mahali pale. Maji tulichota kwenye bomba lake. Siku ya mama kujifungua ikifika, Bi Nuru alikuwa amesema, tubishe hodi uani tu, atakuja.

Ninavyoikumbuka nyumba ya Bi Nuru ni kama niliiota. Jua likipita kwenye makuti likimwagika sakafuni vipande vipande. Udi. Sauti ya mtu akisoma Kurani chumba cha ndani, pole pole, kama anamhadithia mtu mmoja tu. Na darini, juu kabisa, kulining'inia susu, wavu wa kamba wa kuwekea chakula kisifikiwe na paka wala siafu. Mimi kwetu sikuwahi kuiona. Niliitazama ikizunguka taratibu hewani, chungu ndani yake, nikadhani ni mahali pa kuweka vitu visivyotakiwa tena. Akili ya mtoto. Kitu kinachotakiwa, nilifikiri, kinawekwa karibu.

Ikaja Ramadhani yetu ya kwanza pale. Jioni ya siku ya pili au ya tatu Zena alikuja na bakuli la bati lenye ua jekundu katikati, limefunikwa kawa ya ukindu. Ndani kaimati, zinang'aa kwa shira ya sukari. Tulizila kimya. Mama aliosha bakuli, akalianika, akakaa akilitazama.

"Haliwezi kurudi tupu," akasema. "Sasa tuwape nini watu hawa?"

Nyama haikuwezekana, maana sisi ni watu wa kanisani na kuku wetu tunachinja wenyewe. Mboga haina maneno. Lakini si mboga yoyote. Najua sasa kwamba mama aliogopa. Bi Nuru na wenzake walikuwa wapishi wa viungo, wenyeji wa Pwani ya mjini, na sisi watu wa juu kule tulioshuka na tenga la kuku. Akachagua kile ambacho hakuna aliyewahi kumshinda.

Zena, ukisoma hapa, ndiyo mapishi yenyewe. Majani ni yale ya juu kabisa, laini, matatu manne kwenye kila tawi. Yatwange kwenye kinu na kitunguu saumu na chumvi mpaka lisionekane jani. Yachemshe bila kifuniko, mvuke utoke wote, usiwe na haraka, nusu ya asubuhi iishe. Ukiwa na kunde zilizoiva, tia. Halafu tui la pili, lile jepesi, lichemke likauke. Mwisho tui la kwanza, zito, na hapo ukoroge upande mmoja mpaka uone mafuta yameelea. Watu wengi huepua mapema, ndiyo maana kisamvu chao hakilali, kinachacha. Mama alisubiri mafuta. Na hakuonja kwa mwiko. Alidondosha tone kwenye kiganja akalamba kiganja. Akiisha kuepua hakufunika mpaka kipoe, kwa sababu jasho la kifuniko likidondoka ndani, asubuhi umemwaga. Hayo ndiyo yote. Si kazi ngumu, ni kazi ya kukaa.

Mimi ndiye niliyetumwa. Nilipita kwenye upenyo wa ua nimelishika bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bi Nuru."

"Marahaba mwanangu. Mamako hajambo? Ehe, na hii nini? Kisamvu! Mwambie ahsante sana, Mungu amzidishie."

Akalipokea. Hakulifunua. Akapanda kwenye kigoda, akaliweka kwenye susu.

Nilibaki hapo kucheza na Zena. Adhana ilipoadhiniwa walikaa jamvini, na kila kitu kilifunuliwa: tende, uji, viazi vitamu vya nazi, mbaazi. Kila kitu isipokuwa bakuli letu. Lilikuwa kule juu likizunguka taratibu. Nilirudi nyumbani.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamesema kitamu."

"Nani kasema?"

"Bi Nuru. Alilamba vidole."

Mama alicheka akajifunika mdomo kwa leso. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Kaloleni. Basi niseme nini, nilirudia. Kila mara bakuli lilipokwenda, lilipandishwa susuni bila kufunuliwa, na kila mara nilimletea mama maneno mapya. Mara mume wa Bi Nuru aliomba kuongezwa. Mara Zena alilia kwa kupunjwa. Mama akawa anatwanga akiimba, na tumbo lake lile. Kisha asubuhi moja nilichungulia kwenye ua, nikaona bakuli letu limewekwa nje karibu na beseni la vyombo, na kando yake mitetea wawili wakidonoa kitu cha kijani mchangani. Nikaelewa kila kitu. Ndivyo nilivyodhani, nimeelewa kila kitu.

Nilikaa nalo siku kadhaa. Halafu jioni moja mama, kwa haraka, alijikata kwenye mbuzi akikuna nazi. Damu ikadondoka kwenye nazi nyeupe iliyokunwa. Akafunga kidole kwa kitambaa, akamwaga ile ya damu, akashika nusu nyingine ya nazi.

"Mama, usikune," nikasema. "Hawali. Wanawapa kuku."

Akasimamisha mkono. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

"Na ya kulamba vidole?"

Nikatazama kile kitambaa cha kidole. Hakunipiga. Alimalizia kukuna, akapika, tukala sisi wenyewe, na kilikuwa kitamu kupita siku zote.

Kesho yake alikwenda dukani akarudi na sukari. Akaimimina kwenye bakuli la ua jekundu, akailainisha juu kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. "Peleka," akasema.

Bi Nuru alilishika bakuli akasita. Uzito haukuwa ule. Kwa mara ya kwanza alifunua mbele yangu.

"Sukari?"

"Sukari," nikajibu.

"Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Haya. Mwambie ahsante." Hakupanda kigoda. Aliliacha pale pale chini, na uso wake ukawa wa mtu anayejaribu kukumbuka alimkosea nani.

Nimefikiri sana kuhusu sukari ile, na sitaki kumwonea yeyote. Mama hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuwapa kitu ambacho mikono yake haikukigusa, ili wasikitupe. Bi Nuru naye alisoma alichoweza kusoma: jirani amechoka nami, hataki tena kunipikia. Futari ilizidi kuja, hilo nalishuhudia. Ikirudi, inarudi na sukari, au majani ya chai ya dukani. Salamu za uani zikafupika. Mama akaacha bomba la Bi Nuru, akaanza kwenda kibanda cha maji cha mbali, kule karibu na barabara ya lami, ndoo kichwani na tumbo mbele, akisimama kila baada ya miti miwili kupumua. Mimi nilimfuata nyuma na kidumu changu. Nikaanza kuhesabu mara alizosimama, nikaacha kuhesabu.

Aliyenifumbua macho ni Zena. Tulikuwa tunacheza mdako kivulini, vijiwe vyetu vitano chini.

"Mamako atukasirikia nini?" akaniuliza bila kuniangalia. "Siku hizi daku twala wali mkavu na chai."

"Daku ni nini?"

Kijiwe kikamponyoka. "Kadzo wee! Hujui daku? Na yale madebe yapigwayo usiku wadhani nini?"

Nilikuwa nikiyasikia madebe yale ndani ya usingizi, yakija kutoka mbali, yakipita, yakienda zake. Nilidhani ni ndoto yangu. Nilidhani kuna watu wa bati wanaohama kila usiku na hawafiki.

"Twaamka, twala, halafu ndio twafunga," Zena akasema, kama anamfundisha mtoto mchanga kunywa.

"Mnakula nini?"

"Si kisamvu chenu! Mama hatuachii tukiguse magharibi. Asema tukikiona tutakimaliza, na saa ya daku chakula hakipiti kooni, ila hicho. Baba akiamshwa huuliza kwanza, kisamvu kipo? Akiambiwa hakipo, ageuka upande wa pili alale."

"Na kuku?"

"Kuku gani?"

Nikaokota kile kijiwe. Nilihisi kama ardhi ya Mjambere imeinama kidogo na mimi peke yangu ndiye niliyeona. Kumbe kile kilichowekwa juu ndicho kilichotakiwa zaidi.

Ningekuwa mtoto jasiri ningemwendea mama nikamwambia. Sikuwa. Nilirudi nyumbani, mama amekwenda maji. Jikoni kulikuwa na sufuria ya kisamvu tulichokula mchana, imebaki nusu. Nikaibeba kama ilivyo, na mwiko ndani, na ule upande tuliochota ukionekana shimo lake. Nikapita kwenye upenyo wa ua.

Sasa, wenzangu wa Pwani mnajua nilichokuwa nafanya. Kiporo unakula mwenyewe. Jirani humpelekei chakula ulichokwisha kukitumbukiza mkono, sembuse aliyefunga.

"Ni nini na sufuria nzima?" Bi Nuru akaniuliza.

"Kisamvu."

"Mamako kakutuma?"

"Ee."

Akafunua. Akatazama lile shimo, akatazama mwiko, akanitazama mimi. "Hiki mmekwisha kukila."

"Ee."

"Kimepikwa saa ngapi?"

"Asubuhi."

Akachochea makaa, akabandika sufuria, nami nikasimama pale mguu mmoja juu ya mwingine. Kilikuwa kimeanza kutoa mapovu mama alipotokea uani, leso imelowa, hata ndoo hakuwa ameitua vizuri.

"Hodi Bi Nuru, nisamehe, nisamehe dadangu. Mtoto hana akili huyu. Amekuletea mabaki. Sikumtuma. Wallahi sikumtuma." Mama, Mkristo wa kubatizwa, akaapa kwa lugha ya jirani.

"Hukumtuma?"

"Nikuletee kiporo mimi, na wewe umefunga?"

Bi Nuru aliendelea kukoroga. "Mama Kadzo," akasema, "kisamvu chako sijakila siku moja kikiwa cha moto cha kwanza. Nakilaza mwenyewe, mle, mpaka daku." Akaonyesha susu kwa mwiko. "Usiku nakichemsha mara moja kama hivi, chapoa, chapanda tena. Leo mwanao kanipunguzia kazi, nawe waja kuomba radhi."

Mama akainua macho. Susu ilikuwa tupu, inazunguka. Akaitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Basi ile sukari?" Bi Nuru akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Nilidhani mmetuchoka."

Mama angeweza kunitaja. Nilingojea anitaje. Mama akanyoosha kidole chake chenye kovu bichi. "Nilijikata kwenye mbuzi. Nikashindwa kukuna nazi."

Haikuwa uongo. Haikuwa kweli yote pia. Mpaka leo sijui niliweke wapi neno lile.

Bi Nuru akaushika ule mkono. "Na wewe usiseme? Zena huyu ana mikono ya nini? Ya kuchezea mawe?" Halafu akaona leso. "Maji umechota wapi? Kwa nini wapita bomba langu na tumbo hilo? We mwanamke wewe!" Wakaanza kugombana, na huo ugomvi ndio uliokuwa mtamu kuliko futari zote. Kesho yake Zena alikuja kukuna nazi kwetu, akilalamika. Mdogo wangu alipozaliwa, mikono ya kwanza iliyomshika ilikuwa ya Bi Nuru.

Mama hakuniuliza tena, wala sikumwambia tena. Tulikula kisamvu kilicholala maisha yetu yote, yeye na sima iliyokatwa vipande ikachomwa juu ya makaa, mimi na muhogo wa kuchemsha, na jambo lile likakaa kati yetu limefunikwa.

Juzi, basi, nilikichemsha tena, nikakiacha kipoe, nikakipeleka Magogoni wanakokaa siku hizi. Bi Nuru amekuwa mdogo. Kitandani anaonekana kama leso aliyoisahau mtu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba ile ile. Kabla sijamkabidhi sufuria nikamweleza yote: susu, vidole nilivyosema alilamba, kuku, na sukari ilitoka wapi. Nilisema vibaya, nikiruka huku na huku. Zena alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa mkono.

Bi Nuru alifumba macho mpaka nikadhani amelala.

"Kuku gani?" akasema.

"Wale wawili. Wa kahawia. Kuku wenu."

"Mie sikufuga kuku Mjambere. Baba Zena alikuwa hataki kinyesi uani." Akavuta pumzi. "Wale walikuwa wenu, Kadzo. Wakipenya ua kuja kula makombo ya daku. Nami siwafukuzi, nasema, kuku wa jirani."

Nilitaka kubisha. Miaka yote hii nimewaona kuku wale uani kwake, wazi kabisa. Halafu nikaliona akilini lile tenga tulilohama nalo.

"Na mamako," akaendelea, "alinifichia nini? Ningemcheka tu." Alikuwa anacheka tayari, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. Akaigusa sufuria kwa vidole, hakuifunua. "Zena, iweke. Nitakula alfajiri."

Zena akaifungulia friji. Nikaaga, nikaondoka. Safari hii sikungojea nione.

Leo mtoto wa Zena ameniletea chombo, si sufuria yangu, bali lile bakuli la bati lenye ua jekundu, rangi imebanduka pembeni. "Bibi kala nusu, nusu kasema wasiiguse," akanambia. "Na kasema nikupe hili, wewe wajua."

Nikafunua. Sukari, imelainishwa juu kwa kiganja.

Nikabandika chai.